Kelele Iliyokataa Mashahidi

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa spana wala nyundo. Nilipewa kijiti. Kilikuwa kipande cha mpini wa jembe, urefu wa mkono, kimelainishwa na viganja vya watu walionitangulia. Formani, msimamizi wetu, aliwasha pikapu iliyokuwa uani, akaweka ncha moja ya kijiti juu ya injini, ncha ya pili akaibana kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio langu, kisha akanishika kichwa nisikimbie. Vyuma vikanguruma ndani ya fuvu langu. Akaniuliza nimesikia nini. Nikamjibu kwamba nimesikia kelele, na gereji nzima ikacheka.

"Kelele iko sokoni Gikomba," alisema Formani. "Hapa kuna sauti. Kila sauti iko na mwenyewe. Kazi yako ni kumtafuta huyo mwenyewe."

Kisha akaniongezea neno ambalo nililibeba miaka mingi kama amri ya kanisani. Mwenye gari, alisema, msikilize kwa adabu lakini usimwamini. Ana hadithi zake, ana haraka zake, na mara nyingine ana aibu zake. Gari halijui kudanganya.

Hiyo ilikuwa miaka ya sabini, katika gereji iliyokuwa pembezoni mwa mtaa wa Ziwani, Nairobi. Nilikuwa nimetoka kwetu Murang'a nikiwa na shati moja la maana, nikakaribishwa kwa mjomba wangu, umbali wa kutembea kutoka kazini. Mwenye gereji tulimwita Bwana Mkubwa. Kazi yake ilikuwa kusimama langoni asubuhi ahakikishe tumeingia, kisha kuondoka kwenda kusikojulikana. Aliyetutawala hasa ni Formani, Mkikuyu mzito wa mwili na mwepesi wa hasira, ambaye angeweza kukutukana tangu saa mbili hadi chakula cha mchana halafu akakugawia nusu ya githeri yake, mahindi na maharagwe, bila kuona ajabu.

Ninyi mafundi wa siku hizi mnachomeka waya chini ya usukani, kompyuta inawaambia gari linaumwa wapi, mnabadilisha kifaa na mnakwenda zenu. Siwalaumu sana. Nawalaumu kidogo. Nasi tulikuwa na upofu wetu, na ndio ninaotaka kuusimulia hapa, maana mambo niliyofanya vizuri yalikuwa mengi na hayana mvuto.

Kelele ya nyuma ndiyo iliyowatenganisha mafundi na wapaka grisi. Injini ikilia utafungua boneti uitazame, lakini nyuma hakuna cha kutazama. Kuna propela, ile shafti ndefu inayozunguka chini ya sakafu ikipeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma. Kuna krosi, kiungo chenye umbo la msalaba kinachoiruhusu propela ikunjike kidogo gari linapopanda na kushuka. Kuna difu, lile bonge la chuma katikati ya ekseli, yaani mhimili wa magurudumu, linalogeuza mzunguko wa propela uwe mzunguko wa magurudumu, na kwenye kila mwisho wa ekseli kuna beringi. Vyote hivyo hulia, na kila kimoja kina kilio chake. Difu iliyochoka huimba ukikanyaga mafuta, na ukiachia hunyamaza. Beringi ya gurudumu hunguruma zaidi ukipinda upande mmoja. Lakini bati la gari ni mbeya. Linachukua sauti ya huku na kuipeleka kule, ukaapa inatoka kushoto kumbe ni kulia.

Kwa sababu hiyo Formani aliweka sheria. Kelele ya nyuma haisikilizwi na mtu mmoja. Mmoja anaendesha, wawili wanakaa nyuma na vijiti vyao, kila mtu ameinama upande wake, ncha ya kijiti ikigusa sakafu juu ya ekseli. Sanduku la vyuma linawekwa kwenye buti, ili ugonjwa ukipatikana barabarani ufunguliwe papo hapo. Nimefanya kazi baadaye chini ya wakubwa waliosomea ng'ambo, na sijaona utaratibu mzuri kuliko ule. Ndio uliotupoteza.

Mzee Makokha wa mtaa wa Jericho alituletea kelele ya nyuma mwanzoni mwa miaka ya themanini. Alikuwa Mluhya mrefu asiyependa maneno mengi, aliyestaafu kazi ya stoo katika kiwanda cha sabuni. Gari lenyewe lilikuwa dogo, la Kiingereza, la kijani, kuukuu hata kwa siku zile, bati nene na mgongo wa mviringo. Watoto wa Jericho waliliita Kobe. Alilinunua kwa Mzungu aliyekuwa akirudi kwao, na alilitunza hata ungeweza kulia ugali juu ya boneti yake. Lilikuwa likihudumiwa kwetu tangu kabla sijaandikwa kazi.

Lakini aliyejulikana zaidi gerejini hakuwa yeye. Alikuwa mkewe, Mama Nekesa, mama mnene mwenye kicheko cha kusikika mtaa wa pili, muuza mboga wa soko la Jericho. Kila alfajiri mumewe alimpeleka Marikiti, soko kubwa la wakulima kule mjini, pamoja na wenzake wawili, na wakarudi na magunia ya viazi na kabichi. Mama Nekesa hakukaa mbele kamwe. Alisema mbele ni pa watu wasio na mizigo. Alikaa nyuma katikati ya wenzake na vikapu, akimwelekeza mumewe namna ya kuendesha, ingawa yeye mwenyewe hakujua hata breki iko wapi.

Miezi michache kabla ya habari hii, Mama Nekesa alifariki. Formani alifunga gereji mapema tukaenda sote Jericho kumpa Mzee pole, na mwili ukasafirishwa kwao Bungoma kwa mazishi. Aliporudi Nairobi, Mzee hakuligusa gari kwa muda. Kisha siku moja akaingia nalo langoni kwetu, akazima injini, akabaki ameshika usukani.

Formani alimwuliza shida ni nini.

"Kuna mtu anabisha hodi huko nyuma," alisema Mzee. Akajisikia alivyosema, akajirekebisha. "Ni sauti kama ya mtu anabisha hodi. Ko, ko, ko. Nikifika gia ya mwisho inaanza. Nikipunguza inaisha."

Tukafuata sheria. Mimi niliendesha, Mzee akakaa kando yangu, Formani na fundi mwenzangu Odhiambo wakakaa nyuma wameinamia vijiti vyao. Sanduku likawa kwenye buti. Tulishuka Jogoo Road hadi mwisho wake na kurudi, kwa gia zote, tukikanyaga na kuachia, tukipinda kushoto na kulia hadi wapita njia wakadhani tumelewa. Hatukusikia kitu. Odhiambo, mzaliwa wa Makongeni ambaye Sheng, lugha ya vijana wa mitaani, ilimtoka hata akiwa amelala, alishuka akajinyoosha mgongo.

"Manze, hii moti iko fiti kuniliko," alisema, yaani gari ni zima kuliko yeye.

Mzee aliona haya. Aliapa kwamba alisikia ile hodi njia nzima kutoka Jericho. Formani, ambaye hakupenda kushindwa na gari lolote, akaamuru tuliinue.

Tuliweka jeki chini ya bodi, magurudumu ya nyuma yakaning'inia, tukawasha na kutia gia. Na hapo tukaisikia. Ko, ko, ko. Odhiambo aliruka kwa furaha, lakini Formani alimpungia mkono anyamaze. Hiyo ni kelele ya jeki, alisema, na sote tuliijua. Ukiinua bodi, ekseli hushuka kwa uzito wake, propela inakunjika kupita mazoea yake, na gari lolote, hata jipya, litagonga. Fundi anayeamini kelele ya jeki ni fundi wa wiki ya kwanza.

Tukaendelea na mambo tuliyoona ni ya maana. Tulifungua difu, tukakagua meno yake moja baada ya jingine; yalikuwa mazima. Tulibadilisha beringi za pande zote mbili. Tulibadilisha krosi. Tulilala chini tukakagua springi za nyuma, zile pau za chuma zinazolaliana ambazo mafundi huziita majani: hakuna jani lililopasuka. Kulikuwa na jani nene la ziada, la pikapu, kila upande, kama ilivyokuwa kwenye kila gari lililobeba magunia ya Marikiti. Eastlands nzima, mitaa yote ya mashariki mwa jiji, hakuna fundi ambaye angeliona jani lile akalishangaa.

Mzee akalichukua gari lake, akashukuru. Kesho yake akarudi. Hodi ilikuwa pale pale.

Nilianza kuchanganyikiwa, na nasema wazi kwamba sikuwahi kuchanganyikiwa hivyo na gari lolote. Kila alipokuja, amesikia. Kila tulipotoka naye, hakuna. Ugonjwa unaojificha ukimwona daktari naujua. Hata jino huacha kuuma ukifika mlangoni pa hospitali. Lakini huu ulijificha kila mara, kwa kila mtu. Akina mama wa kanisa lake waliposikia, walikuja wakalizunguka gari wakaliombea, kisha wakajaza kiti cha nyuma na kuimba hadi mjini na kurudi. Kobe akawa kimya kama maji ya mtungini. Wakamshukuru Mungu, wakaenda zao. Asubuhi iliyofuata Mzee alitoka peke yake, na kabla hajafika Makadara alikuwa akibishiwa hodi.

Majirani wakaanza kusema yale majirani husema. Mama Nekesa ameondoka na neno moyoni. Mama Nekesa anataka kitu. Nadhani usiku Mzee alikuwa akiyatafakari.

Aliyeumia zaidi ni mwanawe, Wycliffe, aliyekuwa karani mjini na akiishi Buru Buru. Alikuwa mtu mwema, mpole kwa baba yake, na ndiyo sababu alihofia. Alitoka na Mzee matembezini kwa Kobe, yeye na mkewe na watoto wamejazana nyuma, akasikiliza kwa makini njia nzima. Hakusikia kitu. Akaja kwetu akazungumza na Formani kando, na Formani akamwambia ukweli kama alivyoujua: gari ni zima.

Siku chache baadaye Mzee alikuja kwa miguu. Formani hakuwepo. Mzee alikaa juu ya tairi lililokuwa karibu na benchi langu, akanitazama nikifanya kazi.

"Wycliffe anasema mwisho wa mwezi nirudi nyumbani Bungoma," alisema. "Gari liuzwe, nyumba ya kupanga ya Jericho nirudishe. Anasema mtu anayesikia vitu hawezi kukaa peke yake, wala kushika usukani."

Nilimwambia, kwa kumfariji, kwamba pengine nyumbani ni kuzuri, kuna hewa na kuna ndugu.

"Kule mama yao yuko kaburini," alisema. "Jericho yuko kila mahali. Sikiza, kijana wangu. Kama gari ni zima, basi mimi ndiye mgonjwa. Mimi sitaki kuwa mgonjwa. Nitafutie ugonjwa kwa gari."

Miaka yote watu walituletea magari wakiomba tuwaambie hayana kitu. Huyu alikuwa wa kwanza kuniomba nimwambie gari lake ni bovu. Nilimwonea huruma, lakini vijiti vyetu vilikuwa vimeshaniambia vingine.

Mwisho wa mwezi ulipokaribia, Formani alichoka. Kobe alikuwa amekaa uani akituzibia nafasi. Formani alifunga boneti kwa kishindo, akasema gari halijui kudanganya na hili limesema halina kitu, nimpelekee Mzee gari lake Jericho. Odhiambo akalitoa sanduku la vyuma ndani ya buti, maana lilihitajika kwa kazi nyingine. Nikatoka.

Naomba mtambue kwamba katika habari hii yote ndiyo mara ya kwanza mimi kukaa ndani ya gari lile bila mtu mwingine.

Nilipoingia Jogoo Road na kutia gia ya mwisho, nikasikia nyuma yangu: ko, ko, ko. Haikuwa kubwa. Ilikuwa ya adabu kabisa, kama ya mgeni anayegonga kwa kifundo cha kidole. Nilijikuta nimesema "karibu" kabla sijajizuia. Nikaegesha kando, nikalizunguka gari, nikafungua buti, nikatazama kiti cha nyuma. Hakuna kitu. Nikaondoka tena, na nilipofika mwendo ule ule, hodi ikarudi. Nikawaza: je, wazimu wa Mzee unaambukiza? Fundi mzima, mwenye kijiti chake, naogopa kiti cha nyuma mchana kweupe.

Karibu na mtaa wa Kaloleni wanawake wawili walilipungia gari mkono. Walikuwa wale wenzake Mama Nekesa wa safari za Marikiti, na magunia yao yako chini. Walimjua Kobe kwa mbali wakadhani ni Mzee. Nikasimama. Walitia magunia kwenye buti, wakaingia nyuma kwa mazoea, wakajipanga kama waliotaka kuacha nafasi katikati. Tukaondoka. Nilitia gia ya mwisho nikakaza misuli nikingoja. Kimya. Nikaongeza mwendo. Kimya. Nikawauliza kama wanasikia chochote, na wakanitazama kwa macho yale yale ambayo watu wote walimtazama nayo Mzee Makokha.

Pale soko la Jericho walishuka na kushusha magunia. Nilikuwa nimesimama nyuma ya gari, nimeshika kiuno, sijui la kufanya. Na mbele ya macho yangu nikaona Kobe akiinuka. Gunia moja lilitoka, akapanda kidogo. La pili likatoka, akapanda tena, hadi makalio yake yakawa juu na pua imeelekea chini, na kati ya tairi na bati kukawa na pengo la kuingiza mkono.

Hapo nikaikumbuka kelele ya jeki.

Jambo lenyewe halikuwa gumu. Yale majani ya ziada yaliwekwa yabebe uzito. Uzito ukiwepo, gari linakaa sawa na propela inanyooka. Uzito ukiondoka, majani yanasukuma bodi juu, propela inakunjika kupita kiasi, na krosi inagonga, sawasawa na gari lililo juu ya jeki. Sisi tulipokwenda kusikiliza tulikwenda watu wawili wazito na sanduku la vyuma. Mwanawe alikwenda na familia nzima. Akina mama wa kanisa walijaza kiti. Kila shahidi aliyeletwa aliondoa ushahidi kwa kukaa kwake.

Na kwa nini hodi ilianza baada ya msiba? Hilo lilinichukua muda kidogo zaidi, na nilipolipata nililazimika kukaa kwenye ukingo wa barabara. Kobe alikuwa gari la Marikiti na la kanisani, basi, na hata akiletwa kwetu gerejini Mama Nekesa alikuwa kiti cha nyuma. Kazini Mzee alikwenda kwa basi la kiwanda. Kutoka sokoni, magunia yakishashushwa, hadi nyumbani kwake ni umbali wa kutupa jiwe, gia ya kwanza na ya pili. Tangu majani yale yawekwe, gari lile halikuwahi kukimbia bila Mama Nekesa.

Nilimweleza Formani. Alinisikiliza bila kunitukana, jambo ambalo halikuwa la kawaida, kisha akakaa chini. Akasema anakumbuka sasa. Mama Nekesa ndiye aliyekuja mwenyewe, kwa miguu, akalalamika kwamba Kobe anaburuta tumbo barabarani kama nguruwe wa Kiambu, na akamtaka amwekee kitu cha kumnyanyua. Formani aliyaweka majani yale kwa mkono wake. Yalikuwa sahihi kabisa, alisema, na yalikuwa bado sahihi. Aliyetoweka ni mzigo.

Jumapili baada ya ibada tulimwita Wycliffe pale sokoni Jericho. Nilimwomba akae mbele, kando ya baba yake, na nyuma pasikae mtu wala kikapu. Mimi nilibaki sokoni. Safari hii nilikuwa nimejifunza kutopanda. Waliporudi, Wycliffe alishuka taratibu akiwa amebadilika uso. Mzee aliniambia baadaye kwamba hodi ilipoanza, mwanawe aligeuka akatazama kiti cha nyuma, na akakitazama kwa muda mrefu.

"Nimeisikia, Baba," alisema Wycliffe mbele yetu. Neno la Bungoma halikutajwa tena mwisho wa mwezi ule wala mwingine wowote.

Jumatatu Formani aliyatoa majani ya ziada. Kobe akakaa sawa. Mzee akatoka naye peke yake, akaenda mbali, akarudi. Alizima injini lakini hakushuka. Nilikwenda dirishani nikiwa nimejiandaa kupokea shukrani, maana nilijiona fundi wa mafundi siku ile. Nikamwuliza kama imeisha.

"Imeisha," alisema. Kisha akasema, "Sasa naye ameshuka."

Nilisimama pale na kitambaa cha mafuta mkononi. Nilikuwa nimempa alichoniomba, nimemrudishia akili zake mbele ya mwanawe, na bado nilihisi kama mtu aliyevunja kikombe nyumbani kwa watu. Mzee aliwasha gari akaondoka, na halikutoa sauti hata kidogo.

Baada ya wiki kadhaa akarudi. Formani alimwuliza kama kuna kelele. Mzee akasema hakuna, na ndiyo shida. Anataka majani yake yarudishwe.

Formani aliitia spana yake mfukoni. Akasema kwamba ametoa kelele katika magari ya kila kabila na kila dini, na hakuna binadamu aliyewahi kumwomba aiweke. Akamwambia hodi itarudi kila akiwa peke yake, na krosi zitakuwa zikifa mapema.

"Najua itarudi," alisema Mzee. "Niliiogopa kwa sababu sikuijua. Sasa naijua ni nini. Na wale mama wawili bado wanabeba magunia kwa basi."

Formani alinitazama, akatazama juu, akatoa spana mfukoni akanipa. Majani yale niliyarudisha mimi, na tangu siku hiyo nilikuwa nikimbadilishia Mzee krosi kila zilipochoka.

Baadaye niliondoka Ziwani, nikaajiriwa karakana ya magari ya kampuni moja ya mikate kule Industrial Area, chini ya mtu tuliyemwita Injinia Mkuu. Dereva akileta gari linalolia, swali langu la kwanza lilikuwa: ulikuwa na nani ndani? Madereva walinilalamikia kwamba nachunguza mambo yao ya siri, na Injinia Mkuu akaniita ofisini kunionya. Nilimweleza sababu. Alicheka, lakini miezi michache baadaye nilimsikia akimwuliza dereva swali lile lile. Mwisho nikafungua kibanda changu mwenyewe katika mtaa wa Tena, nikafanya kazi hapo hadi magoti yakakataa kulala chini ya magari.

Sasa nimestaafu. Formani alishafariki, na kijiti chake nilirithi mimi; kiko nyuma ya mlango. Binti yangu anasema friji yetu hailii, kwamba ni mimi nasikia vibaya kwa uzee. Nimemwambia atoke jikoni, anipishe nayo kidogo. Sijui kama niko sahihi. Tangu Kobe, sijawahi tena kuwa na uhakika wa haraka juu ya jambo lolote, na sidhani kuwa hiyo ni hasara.

Nilipooa, kabla ya kuhamia Tena, tulipata chumba Jericho, karibu na barabara kubwa. Alfajiri wale wanawake wawili walitangulia Marikiti kwa basi, na Mzee akawafuata na gari kuwarudisha wao na magunia yao. Nikiwa bado kitandani nilimsikia akipita kwenda: ko, ko, ko, mpaka sauti ikapotelea upande wa Makadara. Kisha, kukishapambazuka, Kobe alirudi akipita dirishani bila kelele yoyote. Mke wangu, ambaye hakuwa ameizoea tabia yangu, aliniuliza siku moja nasikiliza nini hivyo, nimekaza shingo mapema yote ile.

Nikamwambia hakuna kitu. Ni Mzee Makokha amerudi, na hayuko peke yake.